Shimo Yenye Ilikataa Kukauka

Kazi yangu ni kuuliza udongo kama inakunywa mayi. Batu banacheka nikisema vile, mais njo kazi. Mbele ya kujenga nyumba, ninachimba shimo pahali choo itakuwa, ninaijaza mayi mangaribi, ninarudi asubui kuangalia. Kama mayi imeshuka, jengeni. Kama imebaki, choo itafurika mvua ya kwanza na uchafu itaingia mu nyumba. Donc pale hapana kujenga.

Ile mwaka parokia ilitaka kupatia bajane benye balikimbia vita upande wa Beni kiwanja kimoja hapa Butembo, mu Mususa. Mumoja wao alikuwa analala na batoto wake mu jikoni ya dada yake. Alikuja kunitazama nikichimba, akakamata udongo mu mukono, akaunusa.

"Hii ni muzuri, binti yangu," akasema. "Usiikatae."

Nikamujibu: mimi sikatai kitu, udongo itajisemea yenyewe. Niko na kinywa kikali, najua. Tukajaza shimo, nikaenda kwangu.

Asubui nikakuta shimo imejaa mupaka juu. Roho iliniuma. Yeye alikuwa amesimama pembeni, kitenge yake imelowa mupaka magoti, anacheka na meno yote.

"Unaona? Haikutoroka hata kidogo."

Nikamuambia polepole, na polepole haiko tabia yangu: mama, kama mayi imebaki, hapa hatutajenga. Kicheko yake ikaisha. Akakaa chini mu majani. Kisha akasema na sauti ndogo: mayi haikubaki. Usiku muzima ilikuwa inaisha, naye anashuka ku chemchem na bidon ya mayi ya dada yake, anapanda nayo ku kichwa, anaongeza. Ikiisha tena, anashuka tena. Kule kwao bwana yake alikuwa na étang, ziwa ndogo ya kufuga samaki, ilivujaka kila mwaka, batu bakabacheka. Alipoona shimo yangu nayo inavuja, akawaza tutakimbia kiwanja, na yeye atabaki mu jikoni.

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa nimesema mutu asiguse ile shimo. Mais nikaangalia njia ya chemchem, vile inapanda, nikaangalia shingo yake yenye alikuwa anakandakanda, hasira ikapotea. Nilimuhurumia kabisa.

"Mama, choo haiko étang," nikasema. "Sisi tunaomba ivuje."

Akanitazama.

"Basi inavuja," akasema. "Inavuja vibaya sana."

Nikamuambia tutaona, leo bidon ikae mbali. Tukakaa wawili pembeni ya shimo. Mayi ikaanza kushuka, ikiacha alama nyekundu ku ukuta wa udongo. Jua ilipopata mabati ya jirani, tukaona chini ya shimo. Nikasema sawa, hapa mutajenga.

Nilizani atapiga vigelegele. Alibaki anatazama ile shimo tupu.

"Étang yetu ilishukaka vile vile," akasema. "Nilimugombeza bwana yangu juu ya ile kuvuja mupaka siku alikufa. Kumbe tulikuwa na pahali ya nyumba."

Akajifuta uso na kitenge yenye ilikuwa imelowa, akasimama, akakamata bidon.

"Niirudishie dada yangu," akasema. "Nimuambie tunamuachia jikoni yake."