Mstari Uliotulia Jumamosi

Kazi yangu ni kutazama atomu. Nikisema hivyo kanisani hapa Manyatta, watu husogea kando kidogo wakidhani natengeneza bomu. Sitengenezi chochote. Katika maabara ya chuo, mwendo mfupi kutoka madukani, namulika atomu kwa leza, kisha natazama mstari kwenye kompyuta unaonionyesha zimeitikiaje mwanga huo.

Mstari ulipaswa kutulia. Ulicheza. Nilibadilisha leza, nikabadilisha nyaya, nikawafukuza wanafunzi na simu zao, wapi! Mtu yeyote angesema ni mashine za jirani, na hata mimi nilisema hivyo. Lakini Jumapili, maduka yakiwa yamefungwa, ulicheza vilevile. Kilichonichanganya kabisa ni Jumamosi, siku yenye pilikapilika kuliko zote: ulitulia tuli. Basi si mashine, nikajiambia. Ni kitu kipya katika maumbile, ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Nikaiegemeza hapo miaka yangu yote ya utafiti. Makala niliimaliza, nikaogopa kuituma kwa sababu hata mimi sikuielewa.

Mama, ninayeishi naye, hakujua fizikia. Kila jioni aliuliza tu, "Leo mstari umecheza?" Nikisema ndiyo, alimshukuru Mungu; kwake kucheza kulikuwa habari njema.

Jumamosi moja goti lilimsumbua, akanituma kusaga mahindi. Sikuwahi kwenda, mambo ya posho mili, mashine ya kusagia unga, yalikuwa yake. Nikakuta kufuli mlangoni.

"Leo hakuna," akasema mwanamke aliyeuza ndizi hapo kando. "Mzee ni Msabato. Wewe kuja kesho. Sisi wote huleta kesho tukitoka kanisa."

Nilibaki nimesimama na mahindi yangu. Waya wa stima, umeme wa mashine hiyo, ulitoka kwenye paa la mili, ukavuka shamba la majani chai, ukapita nyuma ya maabara yangu. Nilikasirika, sijui nikimkasirikia nani: mzee, Sabato, au mama ambaye hakunituma mapema. Asiyekubali kushindwa si mshindani, husema watu. Mimi nilikataa kwanza.

Jumatatu nikamwendea mwenye mili.

"Mzee, naomba uzime mashine kidogo. Nataka kujua kama inasumbua atomu zangu."

"Hizo atomu zako zinakula nini?" akauliza, na foleni nzima ikacheka.

Alikubali kwa ajili ya mama, aliyekuja akichechemea na kukaa na wale wanawake. "Huyu msichana wangu amehangaika na hii kazi tangu nikiwa na nywele nyeusi," akawaambia. "Mngoje kidogo tu."

Nikakimbilia maabara. Simu ikalia. "Amezima," mama akasema.

Mstari ukatulia. Niliutazama nikiuomba ucheze, hata kidogo, hata kwa makosa. Haukutikisika. Sikujua nicheke au nilie. Mbele yangu kulikuwa na jibu safi kuliko yote niliyowahi kupata, na sikulitaka. Kwenye simu niliwasikia wanawake wakianza kunung'unika kwamba watoto watatoka shule na unga hakuna.

"Tuwashe?" mama akauliza.

Nilijua kwamba mashine ikiwaka na mstari ukicheza, sitakuwa na pa kujificha tena.

"Uko hapo?"

"Niko. Mwambie awashe."

Nikaisikia mashine ikinguruma simuni. Mstari ukaruka.

"Kumekuwa aje?"

Nilitafuta namna ya kumweleza, nikaikosa. "Umecheza, mama."

"Umecheza!" akawapigia kelele wenzake kwa furaha. Na wale wanawake, walioacha chakula cha watoto wao kingoje kwa ajili yangu, wakanipigia vigelegele hadi mashine ikawa haisikiki.