Barua Zilizopikia Maharage

Nilipokuwa mtoto pale Kisugu, hakuna aliyenishinda mdomo, na wewe unayesoma usijidanganye kwamba ungeniweza. Shule niliiacha darasa la tano. Walimu walishusha pumzi, na mimi nikashusha, tukaachana kwa amani. Lakini kusoma nilijua, na si wao walionifundisha. Nilifundishwa na barua za babu.

Zilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Babu aliziandika kijijini kwetu Kivu, akimpelekea baba yangu aliyekuwa akifanya kazi Bukavu. Vita vilipotufukuza kule, babu na baba walikuwa wameshazikwa, na barua zilikuwa zimerudishwa nyumbani. Tate, ndivyo sisi tunavyomwita bibi, alitoka na mimi mgongoni na kopo kichwani, mpaka ukimbizini Kisugu. Sufuria aliziacha.

Tate hakujua kusoma hata jina lake, kwa hiyo kila Jumapili tukitoka kanisani nilikaa mlangoni nikamsomea. "Huku tuko wazima, hofu kwenu." Zote zilianza hivyo. Kisha mambo ya nyumbani: mbuzi mweusi kazaa wawili, mmoja kafa. Maharage ya bondeni yameozeshwa na mvua. Jirani kasogeza mpaka wa shamba hatua tatu, anadhani sijaona. Tate alicheka, akafuta machozi, akasema, "Rudia ya mbuzi."

Moja ilikuwa tamu kuliko zote. "Mama yenu ameshikwa na homa wiki nzima. Mke wa mdogo wako amekataa kumchotea maji." Mgonjwa ni Tate mwenyewe, na huyo mke ndiye Mama Neema, tuliyekuwa tunaishi naye chumba kimoja, yeye na baba mdogo na Neema wao. Nikifika hapo nilipandisha sauti makusudi. Kuta za vyumba vile vya kupanga hazikuwa kitu. Jirani akikohoa, wewe ndiye unayempa pole. Haikuchukua muda, watoto wa bombani wakimwona na jerikeni wanaimba, "Mama Maji, leo umechota?"

Jumatatu moja nilitumwa chumvi. Niliporudi, kopo lilikuwa tupu, na Mama Neema alikuwa akipepea sigiri kwa kipande cha boksi. Karatasi ya mwisho, yenye mwandiko wa babu ulioinama, ilikuwa inajikunja chini ya makaa.

"Karatasi ni karatasi," aliniambia bila kuinua uso. "Maharage nayo yanataka moto."

Tate alikaa chini, akalishika kopo, akalinusa.

"Mke wa mwanangu," alisema, "maneno ya mtu aliyekufa umeyachomea nyumba. Sasa yatatafuta mdomo wa kuingia."

Mama Neema alicheka, ila mkono uliokuwa ukipepea ulisimama. Niliuona. Nikajisemea moyoni: mdomo upo, tena bure.

Maana kitu kimoja yule mwanamke hakukijua. Barua zote nilikuwa nazo kichwani.

Nikangoja Alhamisi, siku ambayo kina mama wa kanisa walikuja kusali kwetu. Walipofumba macho wote, Mama Neema katikati akiongoza, nikainamisha kichwa na kuvuta sauti kutoka chini kabisa tumboni. "Huku tuko wazima, hofu kwenu."

Sala ikakatika. Nikawapa mbuzi mweusi. Nikawapa maharage ya bondeni. Nikawapa homa na maji, polepole, kama mtu anayetafuna muwa.

"Yesu wangu," mama mmoja akanong'ona, "nani anasema ndani ya huyu mutoto?"

Utamu ukanizidi. Nikaongeza la kwangu, ambalo halikuwa kwenye barua yoyote, nimelitunga pale pale: "Na kuku aliyechinjwa kwa ajili ya mgonjwa, alimla peke yake. Mifupa akaifukia nyuma ya choo."

Nilijua atanizaba kofi. Badala yake alianguka magoti.

"Baba mukwe, unisamehe! Nilikuwa na mimba ya Neema, na chakula hamukunipa. Njaa, baba! Ilikuwa njaa!"

Waliniombea mpaka jioni, wakanipaka mafuta uso mzima. Nilifurahi kama bibi harusi. Wageni walipoondoka, Tate aliniita kando.

"Ile ya kuku uliisoma wapi?"

"Sikuisoma, Tate. Niliitunga."

"Na ya choo?"

"Hiyo pia."

Aliniangalia sana. "Basi yameshaingia," alisema, akaenda kulala.

Mpaka leo sijui kama ya kuku niliitunga mimi au babu ndiye aliyeniingia. Nauza vitenge mjini, nina jibu kwa kila mteja, lakini kwa hilo sina. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile Mama Neema alimchotea Tate maji kabla hajaombwa, na kila aliponiudhi nilisema tu, "Huku tuko wazima," mwiko ukamtoka mkononi. Miaka mingi nilimfanyia hivyo. Sikuchoka.

Tate alipofariki, Neema alinijia na daftari. Yeye amesoma mpaka chuo, na bado ilibidi aje kwangu mimi wa darasa la tano. Alitaka nimwandikie barua za babu, watoto wake wajue kijijini watu waliishi vipi. Niliandika siku mbili. Mbuzi, mpaka wa shamba, mvua, homa. Kuku nikamweka pia.

Alisoma akifuata mistari kwa kidole. "Kweli mama alimla kuku wa mgonjwa?"

"Ndivyo babu alivyosema."

Ningeweza kumwambia kwamba kuku yule alimlisha yeye mwenyewe, angali tumboni. Babu aliandika kila mbuzi aliyezaliwa, lakini njaa ya mkwe wake hakuiandika, labda kwa sababu hakuwahi kumuuliza kama amekula. Mimi njaa hiyo niliisikia kwa masikio yangu, mwanamke amepiga magoti, nami sikuiandika. Kati yangu na babu najua nani mbaya zaidi.

Nafasi ilikuwepo, mistari minne mitupu chini ya ukurasa. Nikafunga daftari, nikampa.