Kakangu Aliniambia Gawio la Ndege ni Riba

Msomaji huyu wa Likoni ametuomba tumstiri jina, nasi tumemstiri. Maneno ni yake mwenyewe.

Assalaam aleikum wasomaji wa ukurasa huu. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na nne, mama wa watoto watatu, na nyumba yangu iko Likoni, upande wa Bofu. Nimezoea kusoma visa vya wenzangu hapa na kuwacheka wanaodanganywa. Leo zamu ni yangu, nichekeni.

Marehemu babangu alikuwa mpishi kwenye uwanja wa ndege, kule Port Reitz. Kampuni moja ya ndege za kwenda Lamu na Unguja ilipokuwa changa na haina fedha, wenyewe waliwauzia hisa hata wafanyakazi. Baba akauza kiwanja chake akanunua. Watu wakamcheka, wakasema mzee kanunua upepo. Lakini ndege zikajaa abiria, kampuni ikapata faida, na kila mwaka wenye hisa wakawa wanapata gawio. Alipofariki tuligawana hisa kama mirathi isemavyo: kakangu mafungu mawili, mimi fungu moja. Sikunung'unika. Fungu hilo ndilo lililosomesha wanangu baada ya mume wangu kufa, maana vitumbua ninavyouza asubuhi havivuki mlo wa mchana.

Kakangu ni karani wa kampuni hiyo hiyo. Kiingereza anakijua, dini anaijua, nami tangu utotoni nilimwamini kuliko macho yangu. Mwaka jana akaja nyumbani, uso ameukunja.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Ndugu yangu, nimekuja kwa jambo zito. Hizi pesa za ndege twazila kila mwaka, wajua ni nini? Ni riba hizi. Pesa yazaa pesa nawe umekaa barazani. Watoto wa marehemu wawalisha haramu."

Wallahi niliogopa moto. Nikamuuliza tufanyeje.

"Kampuni yataka kuwarudishia pesa zao wenye hisa wanaotaka kutoka. Tangulia wewe, nami nakufuata, inshallah. Tena Uhuru waja, wazungu wataondoka na ndege zao. Utabaki na nini?"

Karatasi zilikuwa za Kiingereza. Akanionyesha pa kutia sahihi, nikatia. Nikapewa fedha zangu, nikaezeka nyumba kwa mabati, zikaisha. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa kaka mcha Mungu.

Mwezi uliopita nikaenda kwake Changamwe kumtazama wifi yangu aliyejifungua. Nikakuta cherehani mpya na kabati la vioo. Wifi, masikini hana hila, akaniambia, "Gawio la safari hii limenona, mashallah! Si wengi wametoka? Tuliobaki ndio twafaidi."

Ndipo nikaelewa. Hisa tulizorudisha zilifutwa, na faida ya kampuni ikawa inagawanywa kwa watu wachache. Ni kama sinia ya pilau: wengine wakiinuka, waliobaki wanakula zaidi na sinia ni ile ile. Kakangu hakurudisha hata hisa moja. Na fungu langu halikumwongezea zaidi ya kijiko kimoja, lakini kwangu mimi lilikuwa ndiyo sahani.

Bado nilimtetea moyoni. Nikasema pengine aliogopa haramu kweli, kisha shetani akamshinda. Nikaenda kwa maalim anayetusomesha wanawake, nikamuuliza nitoe sadaka gani kwa riba niliyokula miaka yote ile. Akanishangaa.

"Riba gani, mama? Ule ni ushirika. Kampuni ikipata mwapata, ikila hasara mwala hasara nayo. Na kakako alikuja kuniuliza suali hili hili kabla ya Ramadhani ya mwaka jana, nikamjibu vivi hivi."

Kabla ya Ramadhani! Kwangu alikuja baada ya Idi. Alikwishajibiwa kuwa ni halali, kisha akaja kunitisha kwa moto wa Mwenyezi Mungu. Nililia njia nzima. Fedha ningemsamehe, maana riziki hupotea ikarudi. Lakini alijua naogopa nini, akanishika papo hapo.

Nilipomkabili hakukana. Alisema, "Nenda kwa Kadhi ukitaka. Lakini usisahau nani walii wako."

Nimeposwa, wasomaji. Ni seremala wa Kisauni, mtu mpole, na wanangu amewakubali. Baba hayuko, babu hayuko, walii wa kuniozesha ni kakangu peke yake. Naambiwa kaka akikataa, Kadhi mwenyewe anaweza kuniozesha. Lakini mambo yatakuwa gumzo la Likoni nzima, na wazee wa mchumba wangu ni watu wanaochunga sana heshima. Wakisikia nimemburuta ndugu yangu wa tumbo moja mahakamani, sijui kama watarudi.

Nikinyamaza, ndoa itafungwa. Kakangu atamshika mkono mume wangu mbele ya watu, na mimi ndani nitamsikia akisema ananiozesha kwa amana ya Mwenyezi Mungu. Neno hilo, amana, kutoka kinywa kile. Jamani, mngekuwa mimi mngefanya nini? Nimshitaki, au ninyamaze niolewe?