Mwezi wa Sita Bado

Bi Mwanabibi binti Sadala hakuwahi kuambiwa jambo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza huwa hakubali, na mara ya pili huwa keshaondoka. Alizaliwa Mbwera, huko kwenye visiwa vya delta ya Rufiji, akalima mpunga mpaka magoti yakamkatalia. Mumewe, mzee Mwinyimvua, mwalimu wa chuo cha Kurani, ndiye aliyemleta Kibiti, kwenye nyumba ya nyuma ya soko. Wakakaa miaka kumi, mzee akamletea mke mwenza, jina lake Tatu. Siku Bi Tatu alipoingia, Bi Mwanabibi alimwonyesha kisima, choo na kamba ya kuanikia nguo, akamwambia, "Mengine utayajua kwa kugombezwa."

Mzee akafariki. Watu wakakaa mkao wa kutazama wajane wale watagawana vipi nyumba. Hawakugawana kitu. Waliendelea kugombana humo humo, na huu ni mwaka wa kumi na tisa.

Bi Tatu ana pumu. Disemba iliyopita ilimbana vibaya, akalazwa siku nne. Mwanawe Ashrafu, fundi simu huko Kariakoo, akaja mbio, na alipomwona mama yake anavuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo kisimani, akasema, "Mama namchukua. Atakaa kwangu Mbagala, karibu na madaktari."

Bi Mwanabibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Mchukue," akasema. "Na mimi nipate nafasi."

Jioni ile wali wake ulikuwa na mawe. Watu wote walitafuna polepole, kwa maana kwa miaka yote hiyo haijapata kutokea.

Bi Tatu mwenyewe ndiye aliyegoma kwenda. Wakabishana siku mbili, mwisho wakakubaliana hivi: Ashrafu ataleta mashine ya kusafisha hewa, iwekwe chumbani kwa mama yake. Ikitunzwa vizuri, na mama asilazwe tena, atabaki. Isipotunzwa, basi la asubuhi ni lake.

Mashine ikaja Januari. Nyeupe, ya Kichina, imesimama kama ndoo iliyokatwa kona. Ashrafu aliifungua kwenye boksi, akaichomeka kwenye umeme, ikaanza kuguruma kidogo kidogo, huku yeye akitazama saa, maana basi lilikuwa linamwacha.

"Mama mkubwa, nakukabidhi wewe," akasema. "Huku nyuma kuna wavu. Kila Ijumaa unaufuta vumbi kwa kitambaa kikavu. Maji hapana. Nyuma ya wavu kuna kimlango, humo ndimo lilimokaa chujio. Hicho usikiguse mpaka mwezi wa sita. Ukifika, unatoa la zamani, unatia hili hapa jipya. Nikuandikie?"

"Uniandikie kwani kichwa changu kimejaa?"

Akalipokea boksi la chujio la akiba, akalifungia kwenye kasha pamoja na sanda yake. Ndiyo sehemu ya heshima kuliko zote aliyokuwa nayo.

Mashine akaipa jina. Aliiita Mwali, kwa sababu ilikaa ndani tu, haitoki, haionwi na wageni, na kila mtu anaizungumzia.

Mwali alikuwa na taa mbele. Hewa ikiwa safi, kijani. Ikichafuka, nyekundu. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Jioni ya kwanza Bi Mwanabibi alipita na chetezo chake cha udi, kama alivyofanya tangu alipokuwa bibi harusi. Mwali akawaka mwekundu.

"Ananiambia mimi nanuka?"

"Anasema moshi," Bi Tatu akajibu kutoka kitandani.

"Udi wa Unguja huu! Moshi ni ule wa kwenu Umwe mnaowafukizia nguruwe shambani wakimbie."

Akamtazama Mwali. Mwali akamtazama. Bi Mwanabibi akatoka na chetezo chake, na hakukirudisha tena ndani. Hakusema kakubali. Alisema udi umepungua utamu siku hizi.

Kuanzia hapo ikawa vita. Bi Mwanabibi hawezi kuvumilia kitu kinachomshitaki nyumbani kwake. Taa ikiwaka nyekundu, anatafuta sababu mpaka aipate. Jiko la mkaa lililokaa ukumbini miaka na miaka likahamia uani, chini ya kibanda cha makuti alichokisimamisha mwenyewe huku akimtukana fundi aliyekataa kuja. Mkeka wa Bi Tatu ukawa unakung'utwa nje kila asubuhi. Mapazia yakafuliwa. Ufagio ukapigwa marufuku chumbani, kwa sababu Petronila, nesi wa zahanati mwenye asili ya Mbinga aliyepanga chumba cha uani, alisema kufagia kunarusha vumbi, heri kitambaa kibichi. Basi kila alfajiri, baada ya kuswali, Bi Mwanabibi akapiga magoti yake yale yale mabovu, akaifuta sakafu.

"Si kwa ajili yako," akamwambia Bi Tatu. "Sitaki kusemwa na Mchina."

Msimu wa kupulizia mikorosho ulipofika, jirani yao Kheri aliingia kumjulia hali Bi Tatu akiwa ametoka shamba, salfa imemjaa nguoni kama unga. Mwali aliwaka mwekundu kabla hajamaliza kusema hodi.

"Toka!" Bi Mwanabibi akamwambia.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba, toka! Shikamoo utaitolea dirishani."

Kheri akasimama dirishani, akauliza hali kwa kupaza sauti, akajibiwa, akaenda zake. Tangu siku hiyo watu wa mtaa ule walimwamkia Bi Tatu kupitia dirishani, kama wanaokata tiketi.

Na Bi Tatu akawa mzima. Miezi ikapita bila kulazwa. Akaanza kutembea hadi sokoni, akarudi akalalamika juu ya bei, akalalamika juu ya chumvi ya mchuzi. Bi Mwanabibi akamjibu kila lalamiko kwa ukali, na usiku akawa analala vizuri.

Basi, katikati ya Julai, kitaa kingine kidogo, ambacho hakijawahi kuwaka, kikaanza kupepesa. Petronila akakiona alipoingia kumpima Bi Tatu presha.

"Bibi, hiki ni cha chujio. Kinasema libadilishwe. Si uliambiwa mwezi wa sita?"

"Mwezi wa sita bado."

"Umepita, Bibi. Huu wa saba."

"Wa saba kwa nani? Hivi sasa tuko Mfungo Nne. Baada ya Ramadhani tumehesabu Mfungo Mosi, Pili, Tatu, huu Nne. Sita ni ule wa maulidi. Umesikia maulidi yamesomwa?"

"Huko kwetu Mbinga mwezi wa sita ni Juni."

"Huko kwenu Mbinga kuna milima, mwezi mnauona mapema."

Petronila akacheka. "Lakini Bibi, labda Ashrafu alikusudia Juni."

"Ashrafu ni mtoto wa mwalimu wa chuo. Akisema mwezi wa sita anajua anachosema."

Moyoni shaka ilimwingia, tena si ndogo. Alilala akiigeuza huku na huku. Juni? Mtoto yule na mambo yake ya simu, hawezi kusema Juni? Lakini keshasema mbele ya nesi, na Bi Tatu kasikia, na Bi Tatu akisikia jambo halisahau mpaka kiyama. Asubuhi akaenda kuomba plasta kwa Petronila, akasema kajikata kidole. Akaibandika juu ya kitaa.

Ashrafu alikuja Agosti, bila taarifa. Alimkuta mama yake uani anasuka ukili wa mkeka, akafurahi, akambusu mkono. Akaingia chumbani kuitazama mashine. Akatoka na plasta imemganda kwenye kidole.

"Mama mkubwa. Hii nini?"

"Plasta. Hamna huko Dar es Salaam?"

"Chujio hukubadilisha!"

"Mwezi wa sita bado."

"Mama mkubwa, huu mwezi wa nane!"

"Huu Mfungo Tano. Toka nje utazame mwezi, kama huko Kariakoo hamna mbingu."

Wakaja juu wote wawili. Ashrafu akasema Juni, Bi Mwanabibi akasema mfungo. Ashrafu akasema taa imepepesa mwezi mzima na mtu mzima na akili zake kaifunika. Hapo Bi Mwanabibi akajifunga kanga upya kiunoni, jambo analolifanya akikosa la kujibu.

"Tulikubaliana," Ashrafu akasema, na sauti yake ikashuka, maana hakupenda anachokisema. "Isipotunzwa, mama anaondoka. Chujio la miezi minane ni uchafu mtupu, mama anaurudisha kifuani. Mama, funga nguo zako."

Bi Tatu hakubisha. Aliinuka, akaingia ndani, wakamsikia akipekua huko na huko.

Bi Mwanabibi aliutazama mlango ule alioingia mwenzake.

"Fungua kwanza," akasema.

"Nifungue nini?"

"Huyo Mwali. Unanihukumu kwa uchafu ambao hujauona. Nimemfuta kila Ijumaa, sijaruka hata moja. Fungua, nesi ashuhudie."

Petronila akaitwa. Ashrafu akaibeba mashine mpaka uani, akautoa wavu, na kweli, wavu ulikuwa safi. Akafungua kimlango. Akaingiza mkono kuvuta chujio, na kitu kikalia kwa ndani: kacha, kacha, kacha.

Chujio likatoka jeupe pe, limevikwa nailoni, limefungwa gundi juu na chini kama lilivyotoka kiwandani. Hata karatasi yake nyekundu ya maandishi ilikuwapo.

"Inasemaje hiyo?" Bi Mwanabibi akauliza.

Petronila akasoma. Akaanza kuuma midomo asicheke. "Inasema, toa nailoni kabla ya kutumia."

Bi Mwanabibi akamgeukia Ashrafu taratibu, kama mtu aliyepewa zawadi na hataki kuirarua haraka.

"Aliyemtoa Mwali kwenye boksi ni nani?"

Ashrafu akalitazama chujio.

"Nakuuliza wewe, fundi. Nani kaniambia nisikiguse kimlango?"

"Basi lilikuwa linaniacha, mama mkubwa."

"Basi! Mwali wa watu kakaa na nailoni usoni miezi minane, hapumui, kisa basi!"

Ashrafu akaketi juu ya kinu. Akafikiri kidogo, kisha akainua kichwa. "Sasa kama mashine haikusafisha kitu... mama kapona na nini?"

Petronila hakucheka tena. "Moshi umetoka ndani," akasema. "Udi umetoka, vumbi linafutwa kwa maji kila siku, salfa inaishia dirishani. Mashine ilikuwa taa tu, kaka Ashrafu. Kazi ya chujio ameifanya Bibi kwa magoti yake."

Bi Mwanabibi akafunga tena kanga kiunoni.

Ashrafu akainuka, akamshika mkono. "Nisamehe, mama mkubwa. Mama hatoki hapa."

"Nani kasema nataka abaki? Chumba chake nilishapanga kuweka kuku," akasema, lakini mkono hakuutoa.

Akalichukua chujio, akakata nailoni kwa kisu cha jikoni, akalirudisha mahali pake. Ashrafu akataka kutia lile la akiba. Akamzuia: hili ndiyo kwanza limevuliwa nguo, la akiba litangoja miezi sita. Tena safari hii ataje mfungo. Ashrafu akahesabu kwa vidole mpaka akafika Shaabani, na alikosea mara mbili.

Ndani, Bi Tatu alikuwa ameketi kitandani, furushi pembeni, anasubiri.

"Vua buibui," Bi Mwanabibi akamwambia. "Mwanao kaumbuka."

"Nimesikia. Nyumba nzima imesikia."

Bi Mwanabibi akalivuta furushi amrudishie nguo zake. Likamshangaza kwa uzito. Akalifungua. Nguo hazikuwamo. Ulikuwamo mto mmoja, na ndani ya foronya ya mto, sufuria yake kubwa ya kupikia wali.

"Tatu! Sufuria yangu ulikuwa unaipeleka Mbagala?"

"Nilijua utaifuata," Bi Tatu akasema.