Mashavu ya Mama na Mikia ya Samaki

Kwa mwaka mzima na ushei nilisifiwa kwa sababu ya mashavu ya mama yangu. Kila Jumapili tukitoka kanisani wanawake walimzunguka pale uwanjani, wakamshika uso kwa viganja viwili kama mtu anayepima papai kama limeiva, kisha wakanigeukia mimi. "Ndaga fijo," waliniambia, wakinishukuru sana kana kwamba mama alikuwa wa kijiji kizima. "Umemtunza. Tazama anavyong'aa." Mimi ni kitinda mimba, niliyerudi nyumbani Kisondela baada ya ndoa kunishinda, na sikuwa nimezoea kusifiwa. Nilipochimba bwawa la samaki pembeni mwa migomba ya marehemu baba, wanaume walipita wakicheka kwamba mwanamke huyu sasa anaizika ardhi ya wazee kwenye maji. Kwa hiyo sifa za mashavu nilizipokea zote. Nilivikwa kilemba cha ukoka, nami nikakifunga vizuri kichwani.

Ukweli ni kwamba mashavu yale yalitoka dukani.

Kabla ya hapo mama hakuweza hata kukamua kitambaa cha kufutia meza. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye maungio, magoti yamegoma. Ukija ule ukungu wetu wa Juni unaokaa mpaka saa tano za asubuhi, alikwenda jikoni akishika ukuta, na hadi arudi nilikuwa nimeshamaliza kufagia uwanja. Nikaenda Bulyaga kwenye duka la dawa, nikamweleza muuzaji. Hakuuliza mengi. Alihesabu vidonge vidogo vyeupe, akavitia kwenye kibahasha cha karatasi, akaandika juu yake ni vingapi kwa siku. Jina la dawa hakuandika, nami sikuuliza.

Siku ya tatu nilikuta moto umeshawashwa na mama ameshachemsha chai. Kabla ya wiki kuisha alikuwa kwenye maharage na jembe mkononi. Nililia, siwezi kudanganya. Nilisimama nyuma ya mgomba nikalia kwa furaha, kwa sababu nilidhani nimempata tena. Tangu hapo kila kibahasha kilipokaribia kuisha nilipanda bodaboda kwenda kuchukua kingine. Mama alianza kula kama mchimba mtaro. Uso ukajaa, ukawa mviringo, na sifa zikaanza.

Masika yaliyofuata alijikata kwa jembe kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Kidonda kilikuwa kidogo, si zaidi ya urefu wa kidole gumba. Tulikiosha kwa maji ya chumvi, tukakipaka spiriti, jirani akaleta majani yake tukayaponda. Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu. Kidonda hakikuwa kikikua sana wala hakikufunga. Kilikaa tu, kingo zake zimepauka, katikati kumelowa. Kila nilipomuuliza alivuta kanga akakifunika. "Hakiumi," alisema. Akainuka akaenda kulima. Nami nikajiambia kwamba mtu mzima ngozi yake inachelewa, basi.

Sasa samaki. Vifaranga vya sato navisafirisha kwenye ndoo kutoka kwa mfugaji mmoja upande wa Mbeya, na njiani hubanana. Samaki wadogo wakibanana hung'atana mikia. Ndoo ikifika Kisondela, nakuta baadhi yao mkia umebaki nusu, wengine umeisha kabisa, wanaogelea kwa kuyumbayumba. Hao siwatii bwawani, maana wakubwa watawamaliza. Nawaweka kwenye mabeseni uani, nawabadilishia maji, nawalisha pumba na dagaa wa kusagwa. Maji yetu ni ya baridi, kila kitu huenda polepole, lakini hazipiti wiki tatu mkia huwa umeota tena. Kwanza unaona ukingo mwembamba unaopitisha mwanga, halafu mistari midogo inajipanga ndani yake, na mwisho linakuwa pezi zima ambalo jana halikuwepo. Nimeliona jambo hilo mara nyingi na bado sijalizoea.

Mama alipenda sana kukaa kwenye kigoda kando ya mabeseni. Safari ile vifaranga vilivyoumia vilikuwa vingi, nikavigawa mabeseni mawili. Akavitazama, akasikitika.

"Mwanangu, hawa wanatia huruma fijo. Wape na dawa zangu."

"Mama, dawa za watu hizo."

"Mimi zimeniinua na kuninenepesha mwili wote huu. Zitashindwa na samaki?"

Nilicheka. Halafu, kadiri nilivyozunguka na kazi, wazo lile likaniganda. Dawa inayoleta hamu ya kula na kunenepesha, nani mfugaji asiyeitaka? Mama mwenyewe aliingia ndani akanitolea vidonge kumi kutoka kwenye kibahasha chake, akanikabidhi kwa mikono miwili kama zawadi. Nikaviponda kwa chupa, nikavichanganya na pumba, nikawalisha wale wa beseni la bluu kidogokidogo kila siku. Wale wa beseni jekundu niliwalisha pumba tupu.

Kula walikula. Lakini wiki ya pili nilipoinama nikaona kitu kilichonifanya niite kwa sauti, kisha ninyamaze kabla mama hajaitika. Kwenye beseni jekundu mikia ilikuwa inaota, ule ukingo wa mwanga umeshajitokeza kwa kila mmoja. Kwenye beseni la bluu hakuna kilichotokea. Mikia ilikuwa imekatika vilevile kama siku ya ndoo, kingo zimepauka, na kwa baadhi yao umeanza utando mweupe kama pamba. Nilisubiri siku tano zaidi, huenda wamechelewa tu. Wakaanza kufa.

Nilikuwa nimechuchumaa hapo nikiwa na mmoja kiganjani wakati mama alipopita kwenda kuanika nguo. Upepo ukaipeperusha kanga. Nikauona muundi wake, nikaona zile kingo zilizopauka. Sikuhitaji mwalimu wa kuniunganishia.

Hapa ndipo hasira yangu, ambayo watu wa nyumbani wanaijua, ilipofanya kazi yake. Mtu mwenye akili angeenda hospitali kuuliza. Mimi niliingia chumbani, nikachukua kibahasha, nikatoka nacho mpaka uani.

"Hivi unajua unakula nini?" nilimfokea, kana kwamba ndiye aliyekwenda Bulyaga.

Mama aliweka beseni la nguo chini. "Nakula ulichoniletea," alisema.

Jibu lile lilinichoma, na kwa kuwa lilinichoma nikazidi kufoka. Nilikwenda chooni nikamwaga vidonge vyote shimoni mbele ya macho yake. Hakunizuia. Aliuliza tu, kwa upole, kama nimemwachia hata vya kesho. Nikamwambia hakuna cha kesho wala kesho kutwa. Nilijiona nimemwokoa.

Wahenga walisema hasira hasara, nasi tunausema usemi huo kirahisi mno. Siku ya pili mama hakutaka kula. Siku ya tatu alitapika, akalalamika kizunguzungu, nikadhani malaria. Siku ya nne asubuhi alijaribu kusimama kutoka kitandani, akaanguka chini kama kitambaa, mwili wa baridi na jasho, maneno hayatoki sawasawa. Tulimpakia kwenye bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia kiunoni, na mvua ikatunyeshea njia nzima mpaka Tukuyu. Kichwa chake kiliniangukia begani kila tulipopita shimo. Nilimwita kila mara ili aitike, na kuna mahali hakuitika.

Daktari aliyetupokea hospitali alikuwa mwanamke kijana, huenda ana umri wa binti yangu kama ningepata binti mapema. Alimtazama mama uso, akamtazama mgongo na mikono iliyojaa alama za michubuko, akaniuliza alikuwa anameza dawa gani. Nikamwambia sijui jina. Nikamweleza rangi, ukubwa, na muda.

"Nani alimwachisha?"

"Mimi."

"Ghafla?"

"Siku moja."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliamuru sindano na dripu kwanza, halafu alipoona mama ameweza kuniita kwa jina langu alinivuta pembeni. Aliniambia vile ni vidonge vya jamii ya steroidi. Mwili una kiwanda chake cha kutengeneza kitu cha namna hiyo, na ukiletewa kutoka nje kila siku kwa muda mrefu, kiwanda kinafunga kazi. Ukikata ghafla, mtu anabaki hana cha nje wala cha ndani. Dawa hii, alisema, ikitolewa kwa kipimo ni msaada mkubwa, ila hunyamazisha mwili: maumivu yananyamaza, uvimbe unanyamaza, na ile kazi ya kujenga nyama mpya nayo inanyamaza. Nikamweleza habari za mabeseni. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Kisha akafunua mguu, akakikagua kidonda kwa kifaa chembamba, na uso wake ukabadilika. Kilikuwa kimechimba ndani kuliko tulivyoona. Akasema kikigusa mfupa, mguu utakatwa chini ya goti.

Tulirudi nyumbani na vidonge vilevile. Safari hii vilikuwa na jina, na karatasi yenye ratiba ya kuvipunguza wiki kwa wiki. Nilivikata kwa wembe juu ya kisahani, nusu, baadaye robo, nikiangalia nisizidishe wala kupunguza. Kidonda nilikiosha na kukifunga kila siku kama nilivyofundishwa. Kila nilipofungua bandeji nilishusha pumzi kwanza, nikiogopa kuona mfupa.

Samaki waliobaki wa beseni la bluu niliwahamishia maji safi na pumba tupu. Mikia yao iliota. Michache ilipinda, lakini iliota.

Mashavu ya mama yakaisha. Pale kanisani wanawake walewale walimshika uso, wakanitazama kwa namna nyingine. "Mama amekonda," alisema mmoja wao. "Siku hizi vipi, kazi zimekuzidi?" Nilitaka kumjibu vibaya, maneno yalikuwa tayari mdomoni, nikayameza. Ningewaelezea nini? Kwamba walipomwona ananawiri alikuwa anaoza?

Ila kadiri robo zilivyopungua, vidole vilirudi kuvimba na magoti yakagoma tena. Dawa nyingine alizoandikiwa kwa ajili ya maungio zilimsaidia kidogo, si kama zile. Jembe alilitundika. Kukaa kwenye kigoda kando ya mabeseni kukawa safari. Mara mbili aliniomba, kwa sauti ya mtoto anayejua atakataliwa, nimpe kimoja tu, akahudhurie mazishi ya rafiki yake wa usichana kule Lufingo kwa miguu yake mwenyewe. Nikakataa mara zote mbili. Nilikwenda mazishini peke yangu, yeye akabaki kitandani ameelekea ukutani.

Mwezi uliopita nilifungua bandeji sikuona unyevu. Kidonda kilikuwa kimefunga chote, ngozi mpya nyembamba imenyooka kutoka ukingo mpaka ukingo. Nilipiga kigelegele peke yangu. Nikamwinua mguu ili aone.

"Mama, tazama! Kimefunga! Mguu wako umepona."

Alikuwa amekaa akisubiri nimlishe ndizi, kwa sababu kijiko hakishikiki. Aliutazama muundi. Mikono yake ilikuwa mapajani, vidole vimekunjamana, havifunguki.

"Ndaga, mwanangu," alisema. Kisha akanitazama. "Lakini kidonda hakikuwa kinaniuma."

Nikaushusha mguu polepole. Nikachukua kijiko, nikaanza kumlisha.