Mlango wa Kushoto wa Gari la Babu

Hebu nifikirie nimepiga magoti uani kwa bibi yangu, Ng'ambo, Tabora, mkononi nimeshika sumaku niliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, nalipapasa gari bovu kama mganga anayetafuta uchawi. Ndivyo nilivyokuwa mwezi uliopita, mimi mwanamke wa makamo niliyesafiri kwa treni kuja kumsalimia bibi. Majirani walinichungulia juu ya ukuta wakanionea huruma. Sikuwajali, maana saa hiyo nilikuwa nimeshapata mshtuko ambao mpaka leo haujanitoka vizuri, na ndio unaonifanya nikuandikie.

Gari lenyewe ni landrova ya marehemu babu, ya kijani, iliyolala kwenye banda la mabati tangu mimi mtoto wa shule ya msingi. Bibi, ambaye siku hizi hatembei bila fimbo, alitutangazia ukoo mzima kwamba amechoka kulitazama. Ama litembee, ama liondoke, lakini yeye hatakufa akiwa ameangaliana nalo. Binamu yangu wa Dar es Salaam, anayependa magari ya zamani kuliko usingizi wake, akasema tutalifufua. Ameshapata mtu wa kumletea bodi kutoka nje: boneti, madigadi, milango. Ila alikuwa na sharti moja, kwamba vipande vilivyozaliwa pamoja na gari vibaki, kwa sababu ndivyo vinavyolipatia heshima. Mimi nikapewa kazi ya kuchagua kipi kibaki na kipi kibadilishwe.

"Dada, bodi ya hilo gari ni alumini," aliniambia kwenye simu. "Sumaku haishiki alumini. Ukiona imeshika katikati ya kipande, ujue hicho si chake, kuna mtu kakibandika."

Nikaanza kufuta vumbi. Bibi akatokea na fimbo yake, akasimama mlangoni mwa jiko.

"Unampamba mke mwenzangu?" akaniuliza.

Maneno hayo nimekua nayo. Bibi alikuwa akimwambia kila mgeni kwamba mzee ana wake wawili, yeye na lile gari, na anayependwa ni gari. Tulipokuwa wadogo tulicheka mpaka tukashika mbavu. Tulipopata akili tukaona kwamba anayesema hacheki.

Ngoja nikurudishe nyuma, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini nilishtuka. Babu alikuwa dereva. Alikuwa akibeba asali na nta kutoka vijijini, anaipeleka stesheni ya Igalula, na sisi wajukuu tulijua amerudi kwa harufu: shati lake lilinuka moshi na asali hata likifuliwa. Kisha ikaja ile miaka ya uhaba, wewe kama umri wetu ni mmoja unaikumbuka, miaka ya kupanga foleni kwa ajili ya sabuni na kurudi na mikono mitupu. Mafuta ya gari yakaadimika, babu akaliingiza gari bandani, na likabaki humo.

Bibi akaamua kupika wali na maharage auze kwa wapagazi wa sokoni. Babu hakupenda. Waligombana siku nzima kwa sauti ya chini, ambayo kwa watu wazima ndiyo mbaya zaidi, na mwisho bibi akaenda kupika. Tatizo lilikuwa vyombo. Alikuwa na vyungu na kisufuria kimoja, na madukani hakukuwa na sufuria hata ya dawa. Akaenda kuazima kwa jirani, mke wa muuza vitambaa, naye akamjibu barazani, watu wakisikia, kwamba sufuria zake si za kulishia wapagazi. Nilikuwa nimemshika bibi kanga. Nakumbuka alivyoikaza kiunoni akaondoka bila kujibu.

Haikuchukua muda babu akaja na sufuria. Nzito, ya kumiminwa, yenye chembechembe za mchanga ubavuni, kazi ya mzee mmoja wa mtaa wa pili aliyekuwa na tanuru la kuyeyushia vyuma vyeupe. Aliiweka barazani kama mtu anayetua mzigo wa kuni, hakusema neno, akarudi kukaa kwenye gari lake. Baadaye akaleta nyingine. Kisha nyingine. Bibi alizipokea na kusema kwamba mzee anatafuta tumbo lake lishibe, na akaanza kupika.

Hizo sufuria ndizo zilizonilea. Kazi yetu watoto ilikuwa kuchambua mchele alfajiri na kuzisugua jioni kwa majivu na mchanga, mpaka vidole vikakosa ngozi. Kuni za miyombo zilitoa moshi mtamu, maharage yakachemka kwa kishindo, na chini ya sufuria kubwa kukabaki ukoko ambao tuliugombania kuliko nyama. Chakula kikiiva, bibi alichukua mwiko akagonga ukingo wa sufuria mara mbili, uso ameuelekeza bandani. "Mwambieni aagane na mwenzake, aje ale."

Babu alikuwa mkali kwa habari ya gari. Usiliegemee. Usilioshe. Usirushe mpira karibu nalo. Milango aliifungua na kuifunga mwenyewe, taratibu, hata kama aliyekuwa anaingia ni shehe. Hata madirisha ya nyumba yalikuwa na rangi ile ile ya kijani, na bibi alisema mzee ameipaka nyumba nguo za gari.

Lakini kilichomuumiza bibi kuliko vyote ni mlango wa kushoto. Alikuja kwenye uwanja ule akiwa bibi harusi, ndani ya gari lile. Wakati huo lilikuwa bado la tajiri wa babu, babu aliliazima kwa siku ile, akaja kulinunua baadaye. Bibi aliteremkia mlango wa kushoto, na alitusimulia alivyoukanyaga ukingo wake kwa kiatu kipya na watu wakapiga vigelegele. Sasa miaka ile ya uhaba, baada ya ule ugomvi wa kupika sokoni, aliamka siku moja akakuta babu ameufunga mlango ule kwa waya, kitasa na nguzo, mizunguko mingi. Hakuuliza. Babu hakueleza. Bibi akaelewa kwamba ameambiwa kiti chake hakipo tena. Wakaishi hivyo, chumba kimoja, chakula kimoja, mpaka babu akafariki.

Basi turudi kwenye sumaku. Niliiweka kwenye boneti, ikanasa kwa mlio. Nikadhani nimekosea, nikaing'oa, nikaiweka pembeni, ikanasa tena. Nikaenda madigadi ya kulia, ikanasa. Ya kushoto, ikanasa. Mlango wa dereva, ubavu, nyuma. Nikachukua kisu cha jikoni nikakwangua rangi, na chini ya kijani nikakuta kutu, na ndani ya kutu herufi zilizokatika, za aina ile inayoandikwa kwenye mapipa ya mafuta. Gari ambalo babu hakuturuhusu kuliegemea lilikuwa mapipa.

Nikafika mlango wa kushoto, ule wa waya. Nikaibandika sumaku, ikateleza ikaanguka vumbini. Nikaiokota, nikarudia, ikaanguka. Nilikaa chini. Nilipompigia binamu simu akasema, "Dada, babu aliibiwa."

Nami nikaamini hivyo. Nikatoka na hasira zangu mpaka kwa jirani wa nyuma, fundi bati aliyetutengenezea vibatari na majiko tangu enzi hizo. Sasa ni mzee, macho yamefifia, lakini bado anakaa na nyundo yake kando. Kama kuna mtu aliyejua nani alilichezea gari lile, ni yeye.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu, vuta kigoda."

Nikamwonyesha sumaku, nikamweleza, nikamuuliza ni nani mwizi. Aliichukua ile sumaku akaigeuzageuza.

"Mwizi alikuwa babu yako," akasema. "Na mimi ndiye niliyemshikia taa."

Akanieleza. Siku ile bibi aliponyimwa sufuria, babu alikuwa amesimama upande wa pili wa ua, alisikia kila neno. Alfajiri ya siku ya pili yake alikuja kwa fundi akiwa amebeba boneti kichwani. Aliipeleka kwa mzee wa tanuru, ikayeyushwa, ikawa sufuria. Fundi akapasua pipa, akaligonga mpaka likafanana na boneti, wakalipaka rangi iliyobaki baada ya kupakwa madirisha ya nyumba. Yakafuata madigadi, ukafuata mlango wa dereva. Kila bibi alipolalamika kwamba sufuria hazitoshi, kipande kimoja kiling'oka.

Nikamuuliza kwa nini babu hakumwambia bibi.

"Angezikataa. Bibi yako alikuwa analipenda lile gari, wewe hujui? Alikuwa analionea fahari. Babu yako alisema akijua, atazirudisha sufuria na kulala njaa." Akaiweka sumaku chini. "Akanifunga mdomo. Lakini aliyenifunga ameshatangulia, na mimi siko mbali."

"Na ule mlango wa waya?"

"Ule aliniambia nisiuguse hata akija mwenyewe kunibembeleza. Alisema huo ni wa mama mwenye nyumba. Na kweli kuna siku mchele ulikuwa umekwisha na fedha hakuna, akaja ameshika spana aung'oe akauuze, akasimama pale, akarudi. Kesho yake akaufunga waya, asije akautamani tena."

Rafiki yangu, mimi nimezika wazazi, nimezaa, nimeona mengi, lakini habari kama ile sikuwa nimewahi kuisikia. Nilirudi nyumbani. Utoto wangu wote nilimwona babu kama mtu aliyependa bati kuliko watu, na kumbe tulikuwa tukipakua wali kutoka kwenye boneti yake. Alitufukuza tusiegemee kwa sababu bati la pipa lingebonyea. Hakutaka tulioshe kwa sababu rangi ya madirisha ingebanduka, bibi akaona.

Bibi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nilimwambia yote, kwa kuanzia pale barazani kwa mke wa muuza vitambaa. Mikono yake iliendelea kuchambua kwa muda, kisha ikasimama. Nikaogopa, nikadhani nimemuua. Aliutazama ungo kana kwamba hakujua umefikaje pale.

"Nifungulie ule waya," akasema.

Waya ulikuwa umekula kutu, ulikatika vipande vipande mkononi mwangu. Mlango ulilia, ukafunguka. Bibi hakuingia. Aliinama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chini, pale alipokanyaga siku ya harusi, akakaa hivyo mpaka mgongo ukamlazimisha kuinuka. Kisha akaufunga mwenyewe, taratibu, kama alivyokuwa akifunga babu.

"Huu muuache ulivyo," akaniambia. "Na hivyo vya mapipa vinyoosheni mvipake rangi. Mwambie mwenzako wa Dar asilete kitu. Sitaki kitu kigeni kwenye gari la mume wangu."

Sikuwahi kumsikia akisema mume wangu. Kwetu alikuwa siku zote babu yenu.

Binamu alipopata habari aliahirisha bodi zake. Nami nilitembea mtaani nikitafuta mabaki ya ile miaka. Penye tanuru sasa wanachaji simu. Mke wa muuza vitambaa alishafariki, na baraza lake limezibwa na matofali. Zile sufuria nzito zilikwenda kwa wanunua vyuma chakavu pale wajomba walipoleta nyepesi zinazong'aa, na huko zimeyeyushwa tena, zimekuwa sijui nini kwa sijui nani. Imebaki moja tu, ile kubwa, na tangu miaka mingi ilikuwa ya kunyweshea kuku.

Asubuhi ya siku niliyoondoka, nilikuta kuku wanazunguka uani wanatafuta chombo chao cha maji. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, anaisugua ile sufuria kwa majivu, mikono imekuwa ya kijivu mpaka viwiko. Nilitaka kumsaidia akanitoa kwa jicho. Aliisuuza, akaiinjika, akapika uji humo. Ulipoiva akachukua mwiko akagonga ukingo mara mbili, uso ameuelekeza bandani.

Nilisimama na bakuli langu, sikuthubutu kusogea. Bibi akasubiri kidogo, kisha akanipakulia.