Mwaka wa Chai Bila Sukari

Juzi hapa Kitengela, wenzangu kazini walipoagiza kuku na chipsi, mimi nilifungua kontena langu la githeri, mahindi na maharagwe ya nyumbani. Mmoja akacheka: "Si ukule vizuri, ama utazikwa na hizo pesa?" Nikaendelea kutafuna. Nataka ploti ya kujenga, na ploti hainunuliwi na mtu anayekula kuku kila mchana. Isitoshe, rafiki yangu, mimi nililelewa na mwanamke aliyechekwa na kijiji kizima na asijali.

Huyo alikuwa shosho wangu, mama yake mama, kule Kimuka. Maji yalikuwa mbali. Siku mbili kila wiki nilikosa shule kumfuata punda hadi bwawani, mitungi ikigongana mgongoni mwake, vumbi likinijaa puani. Mwalimu akaonya kwamba nitarudia darasa. Shosho akaamua kununua tangi la kukinga maji ya mvua, na siku hiyohiyo sukari ikakoma nyumbani. Soda ya Krismasi nayo ikakoma, na kitambaa kipya cha kichwa cha kwendea kanisani.

Weh, chai ile! Ilinukia maziwa na moshi wa kuni, lakini ulimi uliikataa kabisa. Nilinuna wiki nzima. "Ulimi husahau," aliniambia. "Kiu haisahau."

Aibu yenyewe ilikuja zamu yetu ilipofika ya kupokea chama cha akina mama. Kwetu mgeni hupewa chai tamu hata kama wewe utalala njaa. Shosho akamimina ileile. Jirani yetu alionja, akaweka kikombe chini.

"Mama, hata sukari ya wageni? Umekuwa mchoyo hivi?"

"Sukari iko duka," shosho akajibu. "Mimi niko na tangi ya kununua."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye alimwongezea chai.

Tangi lilifika kabla ya masika. Mvua ilipolijaza, jirani akaja na mtungi wake, macho chini. Shosho akamjazia mpaka juu. "Chukua, mama. Lakini haina sukari." Walicheka hadi wakashikana mabega. Nami sikukosa shule tena.

Leo pale kwetu pamejengwa nyumba za kupangisha, na watoto wa pale hawajui bwawa lilikuwa wapi. Shosho hayupo. Sukari nimekula ya kutosha tangu hapo. Mtu wa kunipenda kiasi cha kuninyima, sijampata mwingine.